Yeye kanunua bluu, mimi nataka maziwa, na fundi anasubiri

Shikamoo Bi. Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Tanga, nje kidogo ya mji. Najua wapo wanaokuandikia mambo mazito, ndoa zinavunjika, watoto wanapotea, nami nakuletea habari ya rangi ya ukuta. Lakini kwangu sasa hivi hatuzungumzi zaidi ya "chakula tayari" na "mlango umefunga?", na chanzo ni hiyo rangi.

Nyumba yetu tumeijenga kidogo kidogo. Tulihamia tofali zikiwa wazi, tukaezeka, tukaweka madirisha. Mwaka huu zamu yangu ya mchezo ilipofika nikaamua fedha zote ziende kwenye lipu na puti ya sebule. Mume wangu akasema rangi niachie mimi. Nikafurahi. Kumbe alishapita dukani akachagua kwenye kadi, akachanganyiwa kwa mashine ndoo nzima ya lita 20. Bluu. Wala si ile bluu ya bahari iliyozoeleka. Hii ni ya wino, imekoza mpaka inakaribia weusi. Tangu tunachimba msingi nilikuwa nasema sebule yangu itakuwa ya maziwa, na yeye alikuwa anasikia.

Mimi nashona. Cherehani yangu ipo sebuleni pembeni ya dirisha, na hapo ndipo ninaposhinda kutwa. Dirisha ni moja kubwa, linatazama magharibi. Asubuhi chumba kina kiza, ikifika saa tisa jua linaingia mpaka kwenye kochi. Nikipata kazi ya kitambaa cheusi na uzi mweusi nahangaika hata sasa kuta zikiwa nyeupe za puti, sembuse zikiwa bluu. Na joto je? Rangi nzito inavuta joto, kila mtu anajua.

Mwenzangu anatoka saa kumi na moja alfajiri, anarudi saa mbili usiku, akiwa mweupe kuanzia kope mpaka viatu maana anafanya kazi kwenye kiwanda cha chokaa. Anakula, anakaa kwenye kochi na simu yake, anasinzia hapo hapo. Jumapili tu ndiyo yupo mchana. Nikimwuliza kwa nini bluu anasema inatuliza, tena watoto hawataichafua. Mama mkwe naye kamuunga mkono, eti weupe ni wa zahanati.

Fundi alitaka kutusaidia. Akapaka vipande viwili kwenye ukuta unaotazamana na dirisha, maziwa kushoto, bluu kulia, vimegusana. Mimi nikaona shimo. Mume wangu akatazama upande wangu akasema hiyo ni bandeji. Nikamwambia, fundi akiwa pale pale, hakuna bibi harusi atakayeleta shela lake lishonewe pangoni. Akanijibu, "Mimi ndiye ninayejenga hapa."

Bi. Mshauri, neno hilo limenikaa kooni. Lipu ile ni fedha yangu.

Wifi yangu anaolewa baada ya wiki tatu na wageni watafikia kwetu. Fundi amesema tukipita Jumamosi bila kuamua anaenda kwenye kazi nyingine. Duka limekataa kurudisha rangi iliyokwisha kuchanganywa. Fundi anashauri tupake nusu kwa nusu, mimi naona ni hasara mara mbili. Nikubali ili amani irudi, au nishike msimamo?

Ni mimi,
Mshonaji, Tanga

JIBU

Marahaba, mwanangu. Na pole.

Kwanza, acha kuomba radhi kwa kuleta habari ya ukuta. Mtu anayeshinda saa kumi kwa siku ndani ya chumba kimoja ana haki ya kujali kuta zake. Nikikujibu kama wengi watakavyokujibu, ningesema ugomvi huu hauhusu rangi, unahusu nani ana sauti ndani ya nyumba. Upo ukweli hapo, na lile neno la mumeo tutalifikia. Ila sitaki kuiruka rangi haraka hivyo, kwa sababu kila nikiisoma barua yako naona watu wawili wenye sababu za kweli, wanaobishania vyumba viwili tofauti.

Hebu tazama saa ulizoniandikia. Wewe sebule yako ni ya mchana: kiza cha asubuhi, kisha mwanga mkali wa jua la magharibi. Yeye sebule yake inaanza saa mbili usiku, chini ya taa. Ukiacha Jumapili, mnapishana humo ndani. Wewe unajua ukuta unavyofanya saa tisa alasiri, yeye hajui. Yeye anajua unavyofanya saa tatu usiku mtu akiwa amejilaza kwenye kochi, na wewe saa hiyo, kama nawajua wanawake wenye watoto wawili, upo jikoni au unawalaza.

Sasa ukuta wenyewe. Ukuta mweupe au wa maziwa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga, hata asilimia 80. Bluu iliyokoza kama ya mumeo hurudisha chini ya asilimia 10. Kwako wewe unayetafuta uzi mweusi juu ya kitambaa cheusi, tofauti hiyo ni riziki, hasa siku ambayo umeme umekatika na huna msaada mwingine zaidi ya dirisha. Lakini mwanga huo huo usiku ni kitu kingine. Balbu nyingi tunazonunua madukani ni zile nyeupe zenye ubaridi, kwenye boksi zimeandikwa 6500K. Ziwashe ndani ya chumba cheupe, mweke humo mtu aliyeshinda kutwa ndani ya chokaa, na chokaa ikipigwa na jua inaumiza macho kweli. Umeniandikia kwamba anarudi mweupe kuanzia kope mpaka viatu, ukapita. Mimi nilisimama hapo. Sijui kama ndiyo sababu yake, huenda hata yeye hajawahi kuisema. Mwulize. Akikwambia "inatuliza", mwulize inamtuliza kutokana na nini.

Kuhusu vile vipande viwili vya fundi, alikuwa na nia njema lakini aliwaharibia. Ufaransa palikuwa na mkemia, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia idara ya kutia rangi nyuzi katika kiwanda cha Gobelins, Paris, wanakofuma mapazia ya kutundika ukutani. Wateja walilalamika kwamba nyuzi nyeusi zinapauka. Akazichunguza, akakuta rangi yake haina kasoro. Kilichokuwa kinazipausha ni rangi za nyuzi zilizofumwa jirani yake. Mwaka 1839 akatoa kitabu kizima juu ya jambo hilo: rangi mbili zikikaa bega kwa bega, kila moja humsukuma mwenzake mbali. Yenye mwanga huonekana na mwanga zaidi, yenye giza huzidi kuwa giza. Wewe ni mshonaji, hili hulihitaji kutoka kwa Mfaransa. Unajua uzi ulioupenda dukani unavyoweza kukugeuka ukiulaza juu ya kitambaa. Basi ulipoona shimo, na yeye alipoona bandeji, wote mliona kweli. Ila mliona bluu iliyosukumwa na maziwa, na maziwa yaliyosukumwa na bluu. Hakuna kati yenu aliyeiona rangi ya mwenzake ikiwa peke yake.

Kuna mambo matatu mnayachukulia kuwa ya hakika ambayo ningependa myatazame tena. Wewe unasema bluu italeta joto. Rangi ya nje ya nyumba, ndiyo, na bati ndiyo kabisa. Ndani hali ni tofauti: jua likishapita dirishani, joto lake limeshaingia, na rangi ya ukuta inaligeuza kidogo sana. Kama sebule inachemka saa kumi jioni, mtazame bati, ukuta wa nje wa magharibi na dirisha lisilo na kivuli. Pazia zito au baraza ya makuti litakusaidia kuliko rangi yoyote. Kwa hiyo hoja yako ya mwanga ni nzito, ya joto ni nyepesi, na ukizibeba zote pamoja yeye ataishika ile nyepesi na kuitupa pamoja na nzito.

Yeye anasema bluu haichafuki. Alama za mikono ya watoto zitafichika, ni kweli. Lakini rangi iliyokoza isiyong'aa ikisuguliwa na kiti au bega huacha mng'ao unaoonekana kutoka mlangoni, na ukiifuta kwa kitambaa kibichi unaongeza alama. Akichagua ya silki, yaani yenye mng'ao kidogo, itafutika vizuri, ila silki inaonyesha kila bonde na kilima cha puti, na saa tisa jua lako la pembeni litayataja yote moja moja. Halafu mko pwani. Kuta zetu zinatoa chumvi. Kwenye maziwa chumvi ikichanua hutaiona mpaka uiguse. Kwenye bluu ya wino itasimama kama mtu amepaka unga.

La tatu mnalishiriki wote, kwamba ndoo ikishanunuliwa imeamua. Hukuniambia ukubwa wa sebule. Tuseme ni futi kumi na mbili kwa kumi na nne, kuta za futi kumi. Ukitoa mlango na dirisha zinabaki kama mita za mraba 42. Lita moja ya rangi nzuri ya maji hupaka karibu mita za mraba kumi kwa mkono mmoja, yaani ukipaka mara moja. Mikono miwili ni lita nane au tisa. Bluu nzito mara nyingi hudai mkono wa tatu, maana msingi wa rangi za namna hiyo huwa na ule unga mweupe wa kufunika kidogo sana, hata hivyo hamfiki lita kumi na nne. Mumeo amenunua zaidi ya sebule. Hata akipata kuta zote nne, rangi itabaki na itabidi itafutiwe pa kwenda. Jambo hilo linabadili mazungumzo kidogo: swali linakuwa bluu hii ikae wapi, kwa sababu ndani ya nyumba imeshaingia.

Sasa hilo la nusu kwa nusu unalolikataa. Nusu kwa nusu ipi? Zipo za aina nyingi. Ukuta mmoja wa bluu ni namna moja, na hapo kinachoamua ni ukuta gani. Ukiwa ule unaotazamana na dirisha, ndio unaopokea mwanga wote na kukurudishia. Ukiupaka bluu umezima taa yako. Ukiwa ule wenye dirisha lenyewe, utapata kuta nyeusi zikizunguka mraba wa jua, na macho yatauma kila ukiinua kichwa. Ukiwa ule ambao yeye anautazama akiwa amelala kwenye kochi, huenda usikugharimu mwanga mwingi, inategemea kochi limekaa wapi. Hatari yake ni kwamba mkilifanya kwa hasira, kila mtu atautazama ukuta wa mwenzake kama mpaka wa shamba.

Namna nyingine ni ya zamani na wote mmekulia ndani yake: chini rangi nzito, juu nyepesi, na mstari ulionyooka usawa wa kiuno au kifua. Shule, zahanati, nyumba za kota, zote zilipakwa hivyo, chini mara nyingi rangi ya mafuta ili ioshwe. Hoja ya mikono ya watoto inapata jibu, na mwanga wa juu unabaki wako. Lakini si wote wanaoipenda. Wengine wanaona ofisi, dari linaweza kuonekana limeshuka, na fundi asiyejua kufunga mstari atawaachia kovu la kudumu. Na mkwe wako aliyekimbia weupe wa zahanati atapewa zahanati kamili.

Unaweza pia kumpa bluu chumba cha kulala. Inaonekana rahisi, ila umesema mwenyewe kwamba anapumzika sebuleni. Sijui kwa nini; pengine watoto wamekijaza kile chumba. Ukimpa rangi mahali asipokaa hujampa kitu. Na akikwambia wewe uhamishe cherehani barazani ili sebule iwe yake, fikiria mvua, wezi, na mashela ya watu. Fikiria pia utajisikiaje kila siku ukitoka na kiti chako.

Jambo moja la ufundi mliweke mezani kabla ya jingine lolote. Kutoka maziwa kwenda bluu ni kazi ya siku mbili. Kutoka bluu kurudi maziwa ni praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia, mikono kadhaa, na fedha. Silisemi ili lishindishe upande wako. Mtu anayejua kwamba kosa lake lina njia ya kurudi huamua kwa utulivu. Asiye na njia hiyo hung'ang'ania.

Ningependa mjaribu hivi, kama atakubali. Tafuteni vipande viwili vya plaiwudi, virefu kama mkono wako. Kimoja kipakwe bluu yote, kingine maziwa yote, mikono miwili, vikauke kabisa maana rangi mbichi inadanganya. Visikae pamoja hata siku moja. Kisimamishe cha bluu ukutani siku mbili tatu, ukitoe, ulete cha maziwa. Halafu mbadilishane saa. Jumapili yeye akae kwenye kiti chako cha cherehani saa tisa alasiri, umpe sindano atunge uzi mweusi. Wewe siku moja waache watoto kwa bibi yao, ukae kwenye kochi saa tatu usiku, taa imewashwa, huna kazi mkononi. Badilisheni na balbu pia, wekeni ya njano ya 2700K au 3000K, muone maziwa yanavyoelekea kwenye samli na bluu inavyozidi kufifia. Inawezekana kinachomchosha ni balbu. Inawezekana pia jaribio lote likawaacha pale pale mlipo, lakini mtakuwa mnabishania kitu mnachokiona wote wawili.

Tulifikie lile neno. "Mimi ndiye ninayejenga hapa" linauma, na lina uongo ndani yake, kwa sababu lipu anayotaka kuipaka ni ya mchezo wako. Una haki ya kumwambia hivyo. Ningekushauri umwambie mkiwa wawili, kwa maneno machache, na usilifungue siku moja na suala la bluu. Lakini nisikufiche nilichokiona: lilitoka mbele ya fundi, mara tu baada ya wewe kusema pangoni, pia mbele ya fundi. Mwanamume aliyebeba ndoo kutoka mjini akidhani analeta zawadi, akaambiwa hivyo mbele ya mtu anayemlipa, angejibu kitu. Hilo halilifanyi neno lake kuwa sawa. Linanifanya nijiulize tu kama alilimaanisha kama lilivyosikika. Wewe unamjua, mimi simjui. Na kama si mara ya kwanza, kama fedha zako huwa zinasahaulika kila kitu kikikamilika, basi niandikie tena, maana hiyo itakuwa barua nyingine na sitaijibu kwa plaiwudi.

Na Jumamosi ya fundi isiwatishe. Hukusema lipu ina siku ngapi. Lipu ya saruji inataka kama wiki nne ikauke na ukali wake upungue, la sivyo rangi yoyote itavimba na kubanduka, ya maziwa na ya bluu. Mwulizeni fundi hilo leo. Kama muda umeshatimia, anaweza kupiga praima pekee wiki hii. Praima inahitajika chini ya rangi zote mbili, puti haitawapaka wageni unga mabegani, na wifi ataolewa ndani ya sebule safi huku nyinyi mkiendelea na vipande vyenu. Kuna tahadhari moja: praima nyingi ni nyeupe. Mumeo akirudi kazini akakuta kuta nne nyeupe bila kuambiwa, ataamini umeshaamua peke yako. Mwambie kabla, na mpige pamoja simu ya fundi. Na kabla ya praima, apitishe mkono kwenye kuta zote futi mbili kutoka chini, hasa upande wa bafu. Akihisi unga unaochubuka, chumvi imeanza, ikwanguliwe na chanzo cha unyevu kitafutwe. Kwa kazi hiyo hamhitaji kukubaliana rangi, inaweza kuanza kesho.